Tuliiombea Programu, Nikaacha Kusoma Risiti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe kwa uzima, asifiwe hata kwa aibu, maana leo nimesimama hapa na yangu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye Elijah wa Acocks Green, yule mnayemletea makaratasi ya kodi baada ya ibada. Nilisomea uhasibu kidogo nyumbani Kenya, na hapa Birmingham nikawa mtu mkubwa kwa sababu hiyo. Nilitembea kifua mbele! Barua yoyote ya serikali ikifika kwa mtu, anaambiwa apeleke kwa Elijah.

Nilipoinunua ile programu ya kukokotoa kodi, niliileta kanisani. Tukaweka mikono juu ya laptopu, tukamwomba Bwana aongoze hesabu zake. Sijutii maombi. Najuta kwamba tangu siku ile niliacha kukagua. Niliona kukagua ni kukosa imani.

Mama Furaha, fundi wetu wa nguo kule Sparkhill, amejiajiri mwenyewe, kwa hiyo hulipa sehemu ya kodi mapema, Januari na Julai. Mwaka ule programu ikasema alichelewesha malipo ya Julai, ikampiga faini na riba juu yake. Alinijia na risiti ya benki mkononi.

"Miye nililipaka kwa wakati, ndugu," akaniambia. "Karatasi njo hii."

Hata sikuishika. Nikamjibu, "Mama, hii programu si tuliiombea? Wewe lipa tu."

Akalipa. Alikuwa amedunduliza nauli ya kwenda kwao Uvira, Kongo, kumwona mama yake mzazi, mgonjwa wa kitandani, na faini ile ikatoka humo humo. Nami nilijua, ndugu zangu! Nikamwambia Mungu atampa nyingine. Akaanza kudunduliza upya, na kabla pesa hazijatosha simu ikaja kwamba mama amefariki. Kwenye matanga, aliyeshika daftari la rambirambi ni mimi.

Wiki chache baadaye akaniletea barua kutoka ofisi ya kodi nimsomee, maana Kiingereza cha barua humshinda. Ilisema malipo ya Julai yalifika kwa wakati. Hakuwa na faini yoyote. Pesa alizozidisha angerudishiwa.

Hapo shetani alinikalia karibu. Mama Furaha hakujua kilichoandikwa. Ningeweza kumwambia amebarikiwa, serikali inamrudishia pesa, naye angepiga vigelegele na kunishukuru. Maneno yalikuwa tayari mdomoni! Namshukuru Mungu aliyenifunga huo mdomo. Nililia kwanza, halafu nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Nikamwambia kwamba programu ilikosea hesabu, lakini risiti niliikataa mimi.

Aliikunja ile barua. Kisha akasema, "Ningemuona mama yangu, Elijah."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nikamwomba msamaha, akaniambia nimpe muda, nami nikampa. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Ndugu zangu, wangu amekuja na haondoki.

Lakini Bwana ameniokoa na kiburi! Nilikuwa nimejificha nyuma ya maombi ili nisifanye kazi, nikaita uvivu wangu imani. Siku hizi nakagua kila risiti kwa kalamu kabla sijafungua mashine, ndipo naomba. Waliotengeneza programu wamekiri kosa na kuirekebisha. Kurekebishwa kwangu kulichukua muda zaidi.

Mtumainini Mungu, ndugu zangu, hakasiriki mtu akikagua. Na kama kuna aliyekuletea karatasi yake ukakataa kuitazama, usingoje barua kama mimi. Mfuate leo, kabla hamjatoka mlangoni. Mungu aliyenipa mimi nguvu ya kuisoma barua ile atakupa na wewe.

Jumapili iliyopita Mama Furaha alinifuata na bahasha ya mwaka huu. Sikutegemea kuiona tena. Akatoa risiti ya juu kabisa, akanishikisha mkononi.

"Soma kwanza," akasema.

Asante, Yesu! Nilisoma, ndugu zangu. Nilisoma mara mbili, naye akakaa kando yangu akingoja.