Mstari Mwekundu Chini ya Sinki

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipokaa, juu ya friji au kando ya jiko, amani iwe nanyi. Punguzeni moto kidogo, mkae. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefariki siku kumi na mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa karani wa kupiga chapa mpaka alipostaafu. Mtaani tulimwita Bi Spana.

Bi Spana hakuzaliwa na spana mkononi. Zamani, alipokuwa mjane mwenye binti mdogo, alimwita fundi atengeneze bomba la jikoni. Fundi akatengeneza, akaomba kunawa mikono bafuni, akaaga. Wiki haikuisha, bomba la bafuni likaanza kuvuja. Lile la bafuni, wasikilizaji, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Ushahidi hakuwa nao. Lakini tangu siku hiyo, fundi akija, yeye alikaa kwenye kigoda nyuma yake na tochi. Binti yake anakumbuka mazungumzo ya fundi wa mwisho.

"Unafungua au unafunga?"

"Nafunga, mama."

"Mbona kwa upande huo?"

"Mama, nimelala chali. Upande wangu si upande wako."

"Basi toka, nilale mimi."

Na akalala yeye, na gauni lake la kazini.

Akiwa na miaka hamsini na nne alijiandikisha darasa la jioni la ufundi bomba. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikisoma yale niliyopaswa kuyasoma utotoni. Tulikutana kwenye korido wakati wa mapumziko. Alikuwa amejiviringishia kidoleni ule utepe mweupe wa kuzuia maji, kama pete. Aliniambia, "Mwenzangu, mtu akikwambia kazi fulani huiwezi, mwulize kwanza anaficha nini." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo habari yenyewe ilipo. Kila alipokaza nati, Bi Spana alitoa rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba. Mstari mmoja tu. Nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika. Nyumba nzima ilikuwa na mistari kumi na tisa. Chupa ya rangi ilikaa kwenye mkoba wake, na mkoba ulikaa naye. Kila Jumamosi mchana alishika tochi, akaikagua yote.

Bi Spana alikuwa na mdogo wake wa kiume, na mdogo huyo, jamani, ni fundi bomba. Kila Jumamosi alikuja kunywa chai. Dada yake alimpokea mlangoni.

"Ingia, mdogo wangu. Mfuko wa vifaa ubaki nje."

"Dada, hata mfuko unaushuku?"

"Mfuko ndio wa kwanza."

Walitaniana hivyo miaka na miaka. Kisha ikaja Jumamosi ambayo Bi Spana aliinama chini ya sinki la jikoni, akakuta mstari umekatika. Nati ilikuwa imegeuzwa robo mzunguko. Aliinuka taratibu. Ndani ya nyumba walikuwa watu watatu: yeye, binti yake ambaye ni mwalimu wa chekechea, na mdogo wake mwenye kikombe mkononi.

"Umekosa kazi mpaka unajitengenezea kwangu?"

Mdogo wake alimtazama dada yake. Akamtazama mpwa wake. Akaweka kikombe mezani, akachukua kofia, akatoka. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Kunyamaza kwake kulituaminisha. Mungu anisamehe, hata mimi nilimshuku. Nilikutana naye dukani nikajifanya nachagua sabuni.

Bi Spana aliifungua ile nati, akaikaza upya kwa mkono wake, akachora mstari mpya. Baada ya miezi mitatu, mstari ukakatika tena. Mdogo wake hakuwa amekanyaga pale. Bi Spana akasema mdogo wake ana ufunguo wa siri. Akabadilisha kitasa. Ukakatika tena. Akaanza kumshuku jirani, kisha msoma mita. Alikuwa anasali na jicho moja wazi, na hayo ni maneno yake mwenyewe.

Mwaka na miezi miwili kiti cha Jumamosi kilikaa kitupu. Ndipo alipomwaga poda ya mtoto ndani ya kabati la sinki, nyembamba, akaisawazisha kwa kadi. Kesho yake asubuhi poda ilikuwa na alama ya kiganja. Kiganja kidogo, chenye pete.

"Mwanangu, njoo uweke mkono wako hapa."

Binti hakuuweka. Alianza kulia. "Mama, ilikuwa inadondoka. Nilikuwa naikaza tu."

"Mimi niliikaza."

"Uliikaza, mama."

Bi Spana alichukua spana, akapiga magoti, akakaza kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akampa binti. "Kaza na wewe." Nati ikazunguka tena robo nzima, bila shida.

Aliangalia vidole vyake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda, naye alikuwa anavificha kwenye mifuko ya sweta.

"Mjomba wako alijua?"

"Siku ile nilimfuata nje nikamwambia. Akanikataza nisiseme. Alisema, 'Acha dada anione mimi laghai. Asijue habari ya mikono.'"

Binti anasema mama yake alikaa pale sakafuni kwenye poda muda mrefu. Jumamosi iliyofuata akampigia simu mdogo wake. Hakuomba radhi. Alisema, "Kuna nati inavuja huku. Njoo. Na mfuko wako uingie nao."

Yaliyofuata amenisimulia mdogo wake mwenyewe, na nilianza kwa kumwomba msamaha wa yale mambo ya dukani.

"Niliinama chini ya sinki," alisema. "Mstari ulikuwa umekatika. Nati imelegezwa makusudi, na alama mpya za spana zipo. Kwa mikono ile, lazima ilimtoa jasho. Nikageuka, nikamwona amekaa kwenye kigoda na tochi yake."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Dada, hii imejilegeza yenyewe.' Akasema, 'Vitu vinazeeka.' Nikaikaza. Akafungua mkoba, akanipa ile chupa. 'Chora wewe.' Nikachora. Akamulika. 'Umepinda.' Nikamwambia, 'Dada, nimelala chali.' Akacheka mpaka tochi ikamponyoka."

Walipata Jumamosi tano. Bi Spana alifariki kitandani kwake asubuhi, baada ya sala. Moyo ulisimama.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake, na kwa wote waliosoma naye kwenye lile jengo la masomo ya jioni, tunawapa pole. Mungu ampokee, naye tunajua atakagua milango kabla ya kuingia.

Na sisi, wasikilizaji wapendwa, tuinamishe vichwa kwa dakika moja. Kila mmoja amfikirie mtu aliyemwacha mlangoni na mfuko wake, halafu ajiulize alichokiona kwa macho ni kipi, na alichokijaza mwenyewe kwa kudhani ni kipi.

Baada ya mazishi binti alinipa tochi, akanifungulia kabati la sinki. Ule mstari uliopinda bado upo. Nati haijasogea.