Bwana Pranlal, Msomaji wa Sura za Vichaka

Bwana Pranlal ameitumikia ofisi yetu miaka thelathini na saba, tangu Machi 1969. Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2006, anaweka kalamu chini na kurudi nyumbani Ngara. Anayeandika ni mimi, Muthama, dereva. Wenye digrii walijitolea kuandika, nikakataa. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini hakuna aliyekaa naye ndani ya gari miaka mingi kama mimi, na gari hilo sijaligongesha hata siku moja. Mercyline wa ofisi amepiga chapa tu. Nimemwambia asiguse neno.

Kazi ya Bwana Pranlal ilikuwa kuchora ramani za mimea. Watu hudhani kazi hiyo ni kujua majina ya miti. Majina aliyajua, lakini hakuanza nayo. Tukifika mahali, alisimama hatua hamsini kutoka kichakani, mikono nyuma, akatazama. Fomu yake ilianza na sura: mimea ina urefu gani, imesongamana au imeachana, majani ni mapana au membamba, yanapukutika au la, kuna miiba, kuna alama za moto. Mpaka hayo yaandikwe, hakuna ruhusa ya kutaja mti hata mmoja. Mtaalamu fulani kutoka ng'ambo alianza kutajataja, akaambiwa kwa upole, "Salimia kwanza, bwana. Jina utauliza baadaye."

Alitufundisha kwamba mimea ya nchi mbili za mbali, isiyo na undugu wowote, ikipata mvua moja na jua moja huishia kufanana sura. Mti haujui kujifanya. Saa ya chakula cha mchana alisoma vitabu vizito vya falsafa huku akitafuna chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, akatusimulia jinsi wanafalsafa wa zamani walivyogombana kama sura ya mtu inaonyesha roho yake. Wengine walipima mpaka pua. Wengine walisema mtu ajulikane kwa anayoyatenda.

Mimi nilikuwa upande wa pua. Dereva wa Nairobi asiyejua kusoma sura hafiki jioni, na mimi kusoma najua.

Agosti 2002, wakati wa manyunyu, tulikuwa Lavington tukipima bonde la kijito nyuma ya kuta za matajiri. Darubini ya ofisi ikapotea. Zadock alikuwa kibarua mpya wa kushika kamba ya kupimia. Ana kovu kutoka mdomoni hadi shavuni, na siku zile akiongea alitazama chini. Nikamwambia meneja wetu, Bwana Rakesh, kwamba mwizi ndiye huyo, sura inasema yenyewe. Aliniamini kwa sababu ni mimi. Zadock akaambiwa Ijumaa ni siku yake ya mwisho. Alikuwa na mke na watoto wawili, na kibarua hicho alikitafuta miezi saba.

Bwana Pranlal hakupiga kelele. Alituita wote, akatoa fomu ya vichaka, akanipa kalamu. "Mzee Muthama, mjaze Zadock."

Nikaandika kovu. Akauliza, "La nini?" Nikasema sijui. "Si umuulize."

Zadock akasema stovu ililipuka, akaungua akimtoa dada yake nyumbani. Na macho je, nikauliza. "Mimi nililelewa hivyo, mzee. Mkubwa hakodolewi macho."

Hapo Bwana Pranlal akamgeukia meneja. "Sura inaonyesha alikopita. Anakoenda haionyeshi." Akaongeza kwamba Zadock akiondoka Ijumaa, wataondoka wawili, wa pili yeye mwenyewe.

Jioni ile nikiosha gari niliikuta darubini chini ya kiti changu, ndani ya koti langu la mvua. Niliifunga mwenyewe isilowe, nikasahau. Asubuhi niliiweka mezani kwa meneja nikasema imeonekana. Wapi, sikusema. Wote wakasifu macho yangu, nikakubali sifa. Bwana Pranlal alilitazama koti mkononi mwangu, akanitazama mimi, kisha akanimiminia chai. Tangu siku hiyo jambo hilo hakulitaja kamwe.

Basi nalitaja mimi. Zadock, darubini niliifunga mimi kotini nikaisahau, nikakusingizia kwa kiburi. Nisamehe. Bwana Pranlal alipoona karatasi hii alisema nitoe sehemu hii, nisijiaibishe mbele ya wageni. Nimekataa. Ananijua.

Anaacha ramani mia moja na kumi na nne, na hakuna iliyowahi kurudishwa kwa kosa. Zadock ameshika kalamu pembeni yake tangu 2003, na Jumatatu anakalia meza yake. Atatazama watu usoni, maana sasa mkubwa ni yeye.

Bwana Pranlal, asante kwa kazi, na kwa chai ile. Wewe na mkeo, Bi. Bhoomi, mpewe afya na siku ndefu zisizo na haraka. Ijumaa saa kumi nitakupeleka Ngara mwenyewe, na nitaendesha polepole.