Historia ya Subiri Kidogo, Mpiga Picha wa Tone la Maji

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama, marehemu huyu mliyemzoea kwa jina la Subiri Kidogo, kwa kuwa hakuna aliyepigwa picha naye bila kuambiwa maneno hayo mara tatu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani, na dada yake, ambaye ndiye aliyeandika karatasi hii, alimbeba mgongoni kabla hajajua kama angefaa kitu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, hesabu zikamshinda, na mwaka 1968 akaajiriwa kuosha picha katika studio iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa, mpaka tarehe 3 Februari 1975 alipofungua ya kwake, chumba kimoja chenye pazia la bluu, benchi na kioo cha kuchania nywele.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977 na binti aliyekuwa akishona vifungo kwa fundi cherehani, baba wa marehemu, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja muuguzi, mwingine mwalimu, na ndoa ilikuwa ya raha, ingawa mke alipika huku bomba la jikoni limezingirwa na taa na stendi ya miguu mitatu.

Maana mwenzetu alipenda kupiga picha maji, yakimwagika, yakiruka, yakitulia kwenye sahani, na alipogundua kwamba tone linaloning'inia bombani hubeba ndani yake sura ya mtu aliyekaa nyuma yake, ndogo kama punje ya mtama, kichwa chini, alisema hatatulia mpaka ampate mkewe humo, kope zionekane. Dada yake akamwambia, "Una mke mzima jikoni, unamtafuta bombani?" naye akajibu, "Huyu wa jikoni hakai kitako."

Kamera ikiachwa ijilenge yenyewe ilishika ukuta wa nyuma badala ya tone, basi akaweka ncha ya sindano pale tone litakapokuwa, akalenga sindano kwa mkono, akaiondoa, na kwa miaka mingi akapata tone linalometameta lenye mke wa ukungu ndani, hadi alipotambua kosa lake, kwamba alikuwa akililenga tone, wakati sura ina mahali pake, mbele ya tone kwa unene wa unywele, na unywele huo hupatikana kwa kuzungusha pete ya lenzi taratibu kama anayemgeuza mtoto aliyelala.

Aliyatambua hayo mwaka 2016, mwaka uleule daktari alipomwambia ana presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Kufikia Juni 2018 hakuweza tena kutofautisha picha safi na yenye ukungu, akafunga studio, akanuna siku nne, ya tano akamwita dada yake, aliyekuwa amemcheka miaka arobaini, akamwambia, "Dada, niazime jicho."

Asubuhi ya tarehe 20 Juni wifi alikaa nyuma ya bomba akilalamikia kiuno, dada akainama kwenye kamera, marehemu akashika pete ya lenzi.

"Sasa?"

"Naona bomba."

"Sasa?"

"Tone."

"Tupite hapo. Sasa?"

"Namwona wifi, kichwa chini, amenuna."

"Kope?"

"Bado. Bado. Rudi. Hapo, nazihesabu, piga."

Akapiga. Picha ilipotoka, kubwa kama mlango wa kabati, aliipapasa kwa kiganja, akauliza ikoje, dada akamjibu kwamba uso safi, kope safi, sikio moja lina ukungu. Alicheka mpaka akaketi, akasema sasa anaamini, kwa sababu angeambiwa yote ni safi angejua anabembelezwa, na kwa karibu miaka mitano aliwasimulia wageni picha ile kana kwamba anaiona.

Moyo wake ulianza kuchoka Januari 2023, akalazwa tarehe 28 Aprili, na tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na miaka sabini na miwili, mkono wake mikononi mwa mkewe, hana deni na macho yake.

Familia inamshukuru daktari wa macho aliyemwambia ukweli bila kuzunguka, wauguzi wa wodi, majirani waliovumilia bomba letu, na wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo ili wambebe. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, ulichokitafuta ulikipata.