Emrys Ameimba na Idwal Meli

Jamani, waliimba! Ijumaa tarehe 8 Machi 2019, Mzee Emrys Prydderch na mdogo wake Idwal waliimba pamoja tena, baada ya miaka arobaini na mitano ya kununiana. Hakuna zuri lililozidi hilo, ndiyo maana limetangulia.

Marehemu Idwal alizaliwa katika mji wa bandari wa Barri tarehe 2 Novemba 1936, mtoto wa mwisho wa mpakia makaa ya mawe melini. Alisoma hapo hapo mjini, akaacha shule akiwa na miaka kumi na tano kwa sababu, mwenyewe alisema, dirisha la darasa lilikuwa linaangalia meli. Lakini kuimba alisomea kanisani Bethania: Emrys sauti ya nne, yeye ya tatu, benchi moja, kitabu kimoja.

Alianza na ukarani bandarini, akanunua meli moja kuukuu, baadaye zikawa tatu, zikipeleka makaa Ayalandi. Mji mzima ukamwita Idwal Meli. Mwaka 1961 alimuoa Gwenfron, na meli ya kwanza akaipa jina lake. "Gwenfron wote wawili wanaanza kelele asubuhi," alikuwa anasema, na Bibi anamrushia kitambaa cha vyombo.

Halafu Jumapili moja ya 1974 maji ya bahari yalijaa vizuri, Idwal akairuhusu meli yake Gwenfron itoke bandarini. Jumapili, siku ya Bwana! Emrys, mzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma.

"Kaka, maji hayajui Jumapili."

"Wewe unaijua."

Tangu hapo Idwal akianza kuimba, Emrys anafunga mdomo.

Mwaka 1983 Idwal aliuza meli, akagombea ubunge. Alipita mlango kwa mlango, hata kwa Emrys. "Kura chukua," akaambiwa. "Kuimba na wewe, sahau." Alishinda, akakaa bungeni hadi 1997. Kila Jumamosi alipanda treni kurudi, kesho yake yuko Bethania, anaimba sauti ya tatu huku anageuka kutazama benchi la nyuma.

Mwaka jana mapafu yalianza kumshinda. Ijumaa ile ya Machi Bibi Gwenfron akapiga simu: "Shemeji, mwenzio anakufa, wewe bado umenuna?" Emrys akaja, kofia mkononi, akakaa kitandani, akaanza chini kabisa, sauti ya nne. Idwal pumzi hana, ila midomo ikafuata.

"Umechelewa kuingia," Emrys akasema.

"Wewe umechelewa zaidi," Idwal akanong'ona.

Alifariki alfajiri ya tarehe 10 Machi. Emrys alimshika mkono huku analia. "Jumapili tena, mkaidi wewe! Haya, nenda. Nenda mdogo wangu, maji yamejaa."

Ameacha mke, Gwenfron, kaka, Emrys, binti, Nerys, na wajukuu wawili, Lleucu na Macsen. Babu Idwal, lala salama, umefika.

Karatasi hii usiikunje mfukoni. Mpe mwenzako asome, hasa kama ana ndugu yake wasiyesemezana.