Mwalimu Kihwele na Mtihani wa Marion

Kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, nawasomea maisha ya kaka yetu Francis Kihwele, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Ilula, Iringa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza kidato cha nne Iringa mjini mwaka 1979, kisha akajifunza ufundi wa ndege Dar es Salaam.

Mwaka 1991 alihamia London kwa kazi hiyo hiyo, na mwaka 1996 akajaribu mtihani wa nadharia wa urubani, akaanguka vibaya somo la hali ya hewa, kwa sababu alisoma kama tulivyosoma sote nyumbani, yaani alikariri mitihani iliyopita, akikuta swali analolifahamu anachagua jibu lile lile, kumbe namba zimebadilishwa. Macho yalipopungua nguvu na kumzuia kurudia mtihani, alianza kufundisha wenzake waliojiandaa kuufanya, kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Tottenham, akiwalazimisha wafunike majibu kwa kiganja, wasome swali mpaka nukta, wakokotoe wenyewe, ndipo wafunue, na aliyefunua mapema alitumwa kuchemsha chai, nami nimeichemsha sana ingawa sikuwahi kutaka kurusha ndege.

Tarehe 5 Juni 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Atuganile, wakajaliwa mtoto mmoja, Marion, aliyezaliwa mwaka 1998, anayesomea urubani, na ambaye alishaanguka mara tatu somo la kuongoza safari, na kwa kanuni za hapa mara ya nne ndiyo ya mwisho, ukianguka unaanza mitihani yote upya.

Februari mwaka huu wa 2025 kaka aligundulika ana saratani ya kongosho, akazidiwa mwezi huu wa Septemba, wiki ile ile ya mtihani wa nne wa Marion, Marion akataka kuahirisha, baba yake akakataa katakata, akamwambia hospitali ina madaktari wa kutosha na yeye si mmoja wao. Jumanne tarehe 9 Septemba Marion aliingia chumba cha mtihani saa nne asubuhi, kaka akafariki kabla ya saa tano, na shemeji akaamua binti asiambiwe mpaka atoke. Inatuuma kwamba hakuwepo, lakini alikuwa pale alipotumwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa mzee Kuldip wa mlango wa pili aliyetulisha msiba mzima, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi wa Jumamosi.

Majibu yalitoka jana jioni, Marion akayafungua mbele ya mama yake, na kwa kuwa kaka mwenyewe hakuyasikia, nayasema hapa mbele ya jeneza lake. Pumzika kwa amani, kaka, binti yako amefaulu.