Sista Kanyiva Nyamai: Mguu Mmoja Ukivimba, Usiukande

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya uuguzi, Sista Kanyiva Nyamai anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianzia kazi kwao Kibwezi, akapitia Wote, na miaka mingi zaidi ametuhudumia hapa Mwingi. Anayedhani ataondoka kimyakimya hamjui. Kicheko chake kikianza wodini, kinasikika hadi sokoni kwa mbuzi.

Kila mgonjwa wake anajua sheria ya kwanza: vua viatu. Uwe umekuja na kikohozi, uwe umekuja na malaria, utavua, na soksi pia. Sista anataka kuishika miguu yote miwili, aone kama ina joto sawa, kisha apapase mapigo juu ya wayo. Hata Mchungaji Mutisya, siku ya harusi ya binti yake mwenyewe, alijikuta nyuma ya hema amekunja suruali. Mishipa ya miguu yake ilikuwa imetuna kwa sababu ya kusimama miaka mingi akihubiri. Sista alimwambia kutuna peke yake kusimnyime usingizi, ainue miguu jioni na afupishe mahubiri. Lakini kidonda kilichokuwa karibu na kifundo, kile kilichokataa kupona, alisema hicho si cha bandeji tena, ni cha mtaalamu wa mishipa ya damu. Kidonda kilitibiwa kikapona. Mahubiri, jamani, hayajafupishwa hadi leo.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mimi ni afisa wa kliniki, na ninajua jinsi ilivyo vigumu kumwambia mgonjwa kwamba mimi nimefika mwisho wa uwezo wangu. Sista husema bila haya, na husema mapema.

Siku nitakayoikumbuka zaidi ni ile ya Istahil, mke wa Guled, msafirishaji wa mifugo. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na yumo ndani kwa zile siku arobaini za mapumziko, kama ilivyo desturi ya Wasomali. Sista alipita kumjulia hali, akakuta mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani, mwekundu na wa moto, na wa kulia uko sawa kabisa. Mama mkwe, Mama Hibaq, alikuwa akiukanda kwa mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, kwa mapenzi tele, kama alivyowakanda wazazi wengi kabla yake.

Sista aliomba mikono iondoke mguuni mara moja. Alieleza kwamba inaonekana damu imeganda ndani ya mshipa, na ukikandwa, kipande kinaweza kukatika, kikapanda hadi kwenye mapafu na kumuua Istahil hapo hapo mkekani. Mama Hibaq hakutaka kusikia. Uvimbe wa uzazi anaujua, na mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini. Guled alipigiwa simu akiwa kwenye njia ya Garissa, naye akasema mambo ya arobaini ni ya mama yake. Haya basi!

Nilipofika na ambulensi aliyoiita Sista, nilikuwa nimekasirika, niko tayari kugomba. Sista alinionyesha mlango kwa macho. Akaketi mkekani karibu na Mama Hibaq, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, Sista, hawezi kuutibu ugonjwa huu, na hakuna yeyote kituoni kwetu anayeweza. Ndiyo maana anaogopa. Kisha akamwomba waende wote, mtoto akiwa kifuani pa Istahil, na arobaini iendelee huko huko hospitalini. Mama Hibaq akainuka kutafuta shuka za kumfunika mkwewe.

Kipimo kilionyesha damu imeganda hadi nyongani. Mtaalamu alimwanzishia dawa siku hiyo hiyo, na Istahil akarudi nyumbani akiwa bado ananyonyesha. Niliporudi kwenye gari nililia, sioni aibu kusema.

Mwezi uliopita, Sista akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, Mama Hibaq aliingia kituoni na msichana wa jirani, mzazi mpya, mguu mmoja umevimba. Hakuna aliyekuwa ameukanda. Mama Hibaq aliagiza ambulensi kabla hata ya kunisalimia, nami nikaiita mbio.

Asante sana, Sista, kwa niaba yetu sote. Mvua ikunyeshee vizuri huko Kibwezi, ndengu zikubali shambani, na mwili wako uwe na nguvu. Istahil ameniomba nikuandikie hapa kwamba mtoto ameanza nasari, na kila asubuhi anayempeleka kwa miguu ni yeye, mama yake.