Mama Misumari na Unyusi Ulioanzisha Kila Wimbo

Ndugu, jamaa, majirani, wateja wa karakana, na nyinyi wote wenye jaketi nyeusi mliosimama kule nyuma kana kwamba mmekuja kukamatwa, tunaomba msogee mbele, viti vipo, na marehemu mwenyewe asingependa mtu wake asikie nusu nusu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Misumari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu aliyekuwa karani wa reli na mama yetu aliyekuwa mshonaji, na inasemekana alilia kwa nguvu hadi mkunga akauliza kama wamezaliwa wawili, ingawa hapo huenda shangazi yetu alitia chumvi. Aliyemfuata ni mimi ninayewasomea, nililala naye kitanda kimoja miaka mingi, na ninathibitisha kwamba hata usingizini vidole vyake vilikuwa vikipiga ubavu wa kitanda, nami nikilalamika kwa mama naambiwa nigeukie ukutani.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akaendelea na sekondari mwaka 1975, ambako alifanya vizuri katika ushonaji na vibaya katika kukaa kimya, kwani alipiga dawati kwa rula, kwa kalamu na kwa viganja, akahamishiwa mstari wa mbele, kisha nyuma, na mwishowe walimu wakampa dawati lisilo na mfuniko, wakidhani wamepata dawa, naye akahamia kwenye kiti. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978.

Januari 1979 alijiunga na karakana ya makochi ya mjomba wetu, akiwa msichana pekee kati ya mafundi saba, akajifunza kuchambua kochi bovu, kufunga springi, kukata sponji na kuvuta kitambaa kisikunjamane, na kama mafundi wote wa kazi hiyo akazoea kujaza vimisumari mdomoni ili mikono yote miwili ibaki huru, anatoa kimoja kwa ulimi, anakipigilia, anatoa kingine, jambo lililomfanya mama yetu asimalize kikombe cha chai kila alipomtembelea kazini.

Ilikuwa Jumapili ya Juni 1983, dada akiwa peke yake anamalizia kochi la mteja, walipoingia vijana watatu wenye ala chakavu, mmoja mwalimu wa hesabu aliyekuwa mwimbaji, wa pili dobi aliyepiga gitaa, na wa tatu fundi wa kufuli, huyu tunayemwita Mzito, aliyepiga gitaa la besi. Walikuwa na bendi ya panki, yaani muziki wa haraka na wa kelele, ambao haudai sana uwe fundi wa kupiga, unadai uwe na jambo linalokukera, ila mpiga dramu wao alikuwa ameajiriwa polisi na kuona aibu kuendelea nao, na mitaa mitatu ilikuwa imeshawafukuza. Walichotaka ni kona ya karakana tu, kwa sababu marundo ya sponji ukutani yangemeza sauti, na dada, mdomo ukiwa umejaa, akawaonyesha kona kwa nyundo.

Wakapiga, wakapotezana, wakaanza upya, wakapotezana tena, mpaka dada uzalendo ukamshinda, akashika nyundo mbili na kuanza kugonga fremu ya kochi kwa mwendo aliouona unafaa, nao wakamfuata. Wimbo wa pili ulipofika wakamtazama yeye, naye asingeweza kuhesabu moja mbili tatu kama watu wengine bila kumeza vimisumari, kwa hiyo akainua unyusi wake wa kushoto, na wote watatu wakaanza kwa pamoja kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Siku hiyo bendi ikapata mpiga dramu na jina, Misumari, na ikapata pia utaratibu ambao hawakuuacha hata baada ya kununua dramu halisi, kwamba hakuna anayehesabu, unamwangalia dada, unyusi unapanda, mnaingia.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa Agosti mwaka huohuo kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, ambako katika wimbo wa pili kipande cha dari kilimwangukia mwenyekiti wa klabu, watu wakashangilia wakidhani imepangwa, na mwenyekiti, tumpe haki yake, akajipangusa chokaa na kuingia kucheza. Waliimba kuhusu bomba lisilotoa maji, kuhusu bosi anayelala ofisini, na ule wimbo mnaoujua wote, alioutunga dada mwenyewe, kuhusu kochi zuri la sebuleni lililofunikwa nailoni ambalo wenye nyumba hawalikalii, watoto hawaligusi, na mgeni anayestahili kulikalia hajawahi kuja. Ulikuwa unakwisha kabla hujakaa vizuri, na wateja wake wawili walinuna kwa muda mrefu.

Hatutaficha kwamba mwaka 1997 dobi alitaka bendi igeukie nyimbo za mapenzi za taratibu, mwalimu akamwambia akapige kwenye saluni, na wawili hao wakanuniana karibu mwaka mzima, ila hakuna aliyekosa mazoezi hata Jumapili moja, wanaingia, hawasalimiani, wanamtazama dada, unyusi unapanda, wanapiga, wanaondoka, hadi siku moja dobi akasahau kwamba wamegombana na kumwomba mwalimu kiberiti. Bendi nyingi za rika lao zilikufa kwa maneno, na dada alipenda kusema kwamba Misumari ilipona kwa sababu haikuhitaji hata neno moja kuanza.

Kuhusu ndoa, nyuma ya karakana alikuwa amepanga nesi mmoja wa zamu za usiku, ambaye mchana alikuwa anatafuta usingizi. Jumapili ya kwanza alikuja kulalamika kwa upole, ya pili kwa sauti ya wodini, na ya tatu akaja na pamba masikioni na kigoda mkononi, akaketi mbele ya dramu na kusema, "Kama kulala nimeshindwa, basi nimwone vizuri anayeninyima usingizi." Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1991, na katika maonyesho yote ya miaka ile shemeji yetu alikaa mstari wa mbele, pamba masikioni, macho kwa mkewe. Ukimuuliza nyimbo zilikuwaje, alijibu, "Nzuri sana kwa macho."

Novemba 2022 dada alipatwa na kiharusi kilichochukua mkono wake wa kushoto na, kwa maudhi makubwa zaidi, unyusi wa kushoto. Hapo ndipo tuliposhuhudia Misumari ikikaribia kufa, kwa kuwa binti yake, ambaye sasa anaendesha karakana, anapiga dramu vizuri kabisa, lakini nyusi zake hupanda zote mbili na kwa kila jambo, na siku walipokubali kuhesabu, mwalimu wa hesabu aliingia kwenye mbili, dobi akaingia baada ya nne, na Mzito hakuingia kabisa, alikuwa bado anasubiri kuona kitu. Dada alikuwa pembeni kwenye kochi lake, alicheka hadi machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli, kwa sababu maumivu hakuyaogopa hata kidogo, aliogopa kwamba bendi itazikwa pamoja naye.

Alipotulia, akamnyooshea mumewe kidole cha mkono mzima na kusema polepole, "Muulizeni huyu. Nyimbo hazijui, ila anajua naanza lini." Sote tukamgeukia shemeji, maana ilikuwa kweli, hakuna mtu mwingine aliyeukodolea macho unyusi ule tangu mwanzo bila kusikiliza kitu kingine. Yeye akakataa, akasema, "Ukiwepo wewe, mimi nakuangalia wewe tu." Walimbembeleza mwaka mzima na zaidi, dada naye akamsema, akamnunia, akamkataza chai, hakukubali.

Dada alifariki dunia nyumbani tarehe 9 Septemba 2024, asubuhi, mumewe akiwa ameketi mbele yake kwenye kigoda kilekile. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hususan yule wa mazoezi ya viungo aliyemruhusu kutumia vijiti vya dramu, mafundi wa karakana waliokarabati makochi mnayoyakalia leo, na majirani wa mtaa, ambao mlivumilia Jumapili nyingi kuliko haki, na wawili kati yenu mmekiri juzi kwamba mnashindwa kulala mchana kwa ukimya.

Kabla hatujanyanyua jeneza, mtaona bendi imesimama hapa kulia, binti yake yuko kwenye dramu, na mbele yao kuna kigoda. Jana jioni shemeji alituita chumbani, akafungua kiganja chake, tukaona pamba mbili, akasema hizi azikwe nazo mama watoto, yeye hazihitaji tena. Sasa ameketi pale, kama mnavyomwona, masikio wazi, na mwalimu, dobi na Mzito wote wanamtazama yeye.

Dada yetu, kukuombea utulivu tungekuwa tunakusingizia. Pumzika kwa amani, na utusamehe tukikatisha hapa, maana unyusi wa shemeji umeshaanza kupanda.